Kubadilisha mfereji wa sinki la bafuni mwenyewe, na usivuje: mwongozo kamili

Mwezi huu watu watatu wamenitumia picha ile ile. Juu mfereji mpya unang'aa, chini ya sinki kuna ndoo, ndani ya ndoo maji. Wote wamefunga wenyewe, wote wamekaza mpaka viganja vikauma, na wote swali lao ni moja: mbona bado yavuja na mimi nimekaza mpaka mwisho?

Yavuja manake umekaza mpaka mwisho. Kwenye mfereji wa sinki kinachozuia maji ni kile kiwosha cha mpira cha bei ya peremende, nguvu zako hazihesabiwi. Kikibanwa kidogo kinajaa vizuri na kuziba, kikipondwa kinachanika ama kinatoka kando, na hapo hata umlete mbeba mizigo wa soko la Kongowea akukazie maji yatapita tu.

Basi leo naandika yote, pole pole, na kila hatua nakwambia kwa nini na utajuaje umefaulu. Ukiruka hatua usinitumie picha ya ndoo.

## Jua kwanza una mfereji gani

Nyumba nyingi za huku Mombasa sinki la bafuni lina mfereji mmoja wa maji baridi tu, umesimama kwenye tundu moja, chini una mguu wenye thredi (ile mikato ya kuingilia nati) za nusu inchi na unaungana na ukuta kwa fleksibo, ule mrija unaopindika. Huo ndo nitaueleza zaidi.

Mwingine ni miksa, ule wa mkono mmoja unaoinua na kuzungusha kwa maji moto na baridi. Chini hauna mguu mnene, una bolti nyembamba moja ama mbili na fleksibo mbili zilizoingia tumboni mwake. Pale unapotofautiana nitasema.

Kama mfereji wako unatoka ukutani moja kwa moja juu ya sinki, hiyo ni kazi nyingine, siyo hii.

Washa tochi ya simu, inama, tazama chini ya sinki, piga picha tatu nne. Picha hizo utaenda nazo hadwea, manake ukimwambia muuzaji "nataka kile kidude kinachoshika kile kingine" atakupa chochote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa kitu

Nunua kila kitu kwanza, na chagua saa. Usianze Ijumaa saa sita mchana, maduka mengi yamefungwa watu wako msikitini, wala Jumapili jioni. Nyumba bila maji halafu hadwea imefungwa, hapo ndo ndoa zinapoyumba.

Mfereji wenyewe. Usidanganywe na kung'aa, yote inang'aa siku ya kwanza. Ugeuze juu chini utazame ndani, pale kwenye thredi ambako hakujapakwa rangi. Ukiona manjano hiyo ni brasi, chukua. Ukiona kijivu kama risasi hiyo ni aloi ya zinki, nyepesi ukiipima mkononi, na kwa maji yetu haikai. Wengi huku twatumia maji ya visima, na kisima cha Mombasa kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe karibu na bahari, kwa hivo maji yana chumvi na yana chokaa, yote mawili adui wa mfereji. Kama mfuko hauruhusu brasi, bora uchukue wa plastiki kuliko wa zinki. Watu wanauonea haya lakini plastiki hailiwi na chumvi, ila thredi zake ni laini, ukilazimisha zinakatika.

Kwa wanaotaka miksa: tazama boksi kwanza. Nyingi zimetengenezwa kwa nyumba zenye presha kubwa, na presha ya chini kabisa inayotakiwa huwa imeandikwa kwa baa, kipimo cha presha. Tangi lako likiwa mita 5 juu ya mfereji una nusu baa tu, manake kila mita 10 za kwenda juu ndo baa moja. Ukifunga miksa inayotaka baa moja utapata maji ya kulialia, halafu utasema ni feki.

Fleksibo mpya, nusu inchi kwa nusu inchi. Usirudishe ile ya zamani hata ikiwa nzima kwa macho, mpira wake ushaganda kwa umbo la mfereji wa zamani. Pima kwa uzi kutoka mguu wa mfereji mpaka valvu ukutani, ongeza vidole vinne, manake fleksibo yataka kujipinda kidogo, ikivutwa kama kamba ya nguo itachanika shingoni. Dukani utakuta za inchi 12, 18 na 24. Chukua iliyosukwa kwa stenlesi. Zile za alumini kwa hewa yetu ya bahari zinatoa unga mweupe kama chumvi, halafu siku moja usiku zinapasuka.

Vifaa: ajastabo mbili (ile spana ya mdomo wa kufungua na kufunga), nasema mbili na sababu utaiona hatua ya pili. Spana ya sinki, ile ndefu yenye taya kichwani inayofika nyuma ambako mkono haufiki, hii azima kwa fundi ama jirani, usinunue kwa kazi ya siku moja. Ndoo, vitambaa, siki ya jikoni, brashi ya meno iliyokwisha kazi, tishu, na mtu mmoja wa kukushikia juu. Huyo mtu usimdharau.

Thredi tepu, ule utepe mwembamba wa kuzungushia thredi, nayo nunua, ila usifurahie sana, nitakwambia wapi inakwenda na wapi haiendi.

## Hatua ya 1: Funga maji, afu hakikisha yamefungika kweli

Chini ya sinki ukutani kuna engo valvu, kale kafereji kadogo. Kafunge kwa kufuata saa. Kakizunguka vizuri, sawa. Kakiwa kagumu usilazimishe, chumvi ishakashika, na ukikavunja shingo maji yatatoka bila breki. Kaache, panda ufunge geti valvu ya tangini.

Kama mwaishi fleti na tangi ni la wote, gonga milango. "Hodi jirani, nafunga maji nusu saa, jaza ndoo." Sentensi moja tu hiyo itakuokoa na mtu mwenye povu kichwani akikutafuta ngazini.

Kama maji yako yanatoka laini ya mtaa moja kwa moja bila tangi, funga kwenye mita. Na hapa sikiliza: usiseme "kwani leo si hakuna maji". Kuna jamaa wa Mtopanga, maji hayajatoka tangu Jumatatu, akasema basi hakuna haja ya kufunga, akafungua fleksibo Alhamisi saa tano asubuhi. Maji ya mgao hayana adabu, yanakuja saa yanayotaka. Yalimkuta amelala chali chini ya sinki na mdomo wazi.

*Utajua umefaulu:* fungua mfereji wa zamani uache wazi. Maji yatapungua, yadondoke, yakatike. Ngoja dakika 5. Bado yadondoka polepole? Valvu haifungi vizuri, rudi ukafunge ya juu. Usianze na tone, tone litakuwa mchirizi ukishafungua.

## Hatua ya 2: Fungua fleksibo kwa spana mbili

Toa sabuni na dawa za meno, weka ndoo, tandika kitambaa. Ile chupa ya maji machafu chini ya sinki ikikuzibia njia ifungue kwa mkono, ila ina harufu yake, jitayarishe.

Sasa fleksibo. Spana moja inashika engo valvu isisogee. Ya pili ndo inafungua nati ya fleksibo, kinyume cha saa.

Kwa nini mbili? Manake engo valvu imeingia kwenye elbo, ile kona ya bomba, iliyozikwa ndani ya ukuta, na elbo hiyo mara nyingi ni plastiki yenye thredi za brasi ndani. Ukizungusha fleksibo kwa spana moja na nati imeganda, kitakachozunguka ni valvu, na valvu ikizunguka elbo inalegea ama inapasuka, huko ndani, nyuma ya vigae. Utaona unyevu ukutani baada ya wiki na utasema nyumba ina laana. Halafu ni kuvunja vigae, na vile vigae vyako sai havipatikani tena.

Ikiwa utakumbuka kitu kimoja tu kwenye haya yote, kumbuka hizo spana mbili.

*Utajua umefaulu:* fleksibo imetoka, valvu bado inatazama upande ule ule iliotazama asubuhi.

## Hatua ya 3: Nati ya chini, hapa ndo kilio

Mfereji unashikwa chini ya sinki na nati moja kubwa. Ukilala chali ukitazama juu, kufungua ni kinyume cha saa. Andika kwenye mkono kama wasahau, manake ukiwa chini huko kulia na kushoto kunabadilishana na watu wanakaza wakidhani wanafungua.

Kwenye sinki la miaka miwili mitatu itatoka. Kwenye sinki la miaka kumi lililonyweshwa maji ya kisima, nati na mguu zimekuwa kitu kimoja, na juu yake kuna ukoko mweupe mgumu, na chini ya ukoko kuna kijani cha brasi iliyooza. Hiyo haifunguki kwa hasira.

Mimi hasira nilijaribu. Sinki la mamangu mdogo kule Kisauni, nikatia spana, nikatia na bomba la chuma kwenye mkia wa spana kuongeza nguvu. Yeye amesimama mlangoni na leso yake, aniambia, "Mwanangu, hiyo nati mimi nimeikuta, ilazimishe pole pole." Nikamwambia niachie mama, najua. Nilisikia "tak", sauti ndogo tu, kama yai. Ufa ukatoka kwenye tundu ukaenda mpaka ukingoni. Akatazama sinki, akanitazama mimi, akasema "Alhamdulillahi, hukujikata," akaenda zake jikoni. Nilinunua sinki. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Kwa hivo fanya hivi. Usiku kabla ya kazi, chovya kitambaa kwenye siki mpaka kilowe, kizungushe kwenye nati na mguu, kifunge na mfuko wa plastiki kisikauke, kiache mpaka asubuhi. Siki inakula ule ukoko wa chokaa. Asubuhi sugua na brashi, maji yake yatakuwa kama maziwa, hiyo ni dalili nzuri. Kisha puliza mafuta ya kulegeza nati, ngoja robo saa, gonga nati kidogo kidogo pembeni kwa mpini wa bisibisi. Kidogo, yaani kama unagonga mlango wa mtu aliyelala.

Sasa yule mtu wako ashike mfereji kwa juu kwa mikono miwili usizunguke. Mfereji ukizunguka pamoja na nati hufungui kitu, wauchezesha tu, na ule mdomo wake unaweza kuligonga sinki. Zungusha spana ya sinki kinyume cha saa, nguvu ya taratibu, bila kushtua. Ikisogea kidogo, irudishe kidogo, afu mbele tena. Ule mwendo wa mbele na nyuma unasaga chumvi iliyobaki kwenye thredi.

Ikikataa kabisa, ikate. Kipande cha msumeno wa chuma, kifunge kitambaa upande mmoja kiwe mpini, ukate nati kwa wima mpaka karibu na thredi, halafu tia bisibisi kwenye mfuo ulioukata uipanue, itapasuka. Mfereji ni wa kutupa, usiuonee huruma, linalohurumiwa ni sinki. Na moto usitumie. Nimeona watu na kiberiti cha gesi, sinki la udongo likipata moto upande mmoja linapasuka, na wosha za plastiki zinayeyukia hapo hapo.

Vaa miwani, hata ya jua. Uko chini, na vumbi la chumvi linadondokea machoni.

Miksa: huko kuna bolti nyembamba yenye nati ndogo na kipande cha chuma cha umbo la mwezi. Dawa ni ile ile, siki na subira. Kwa nafasi nyembamba tumia soketi ndefu ama spana ndogo ya boksi.

*Utajua umefaulu:* mfereji umetoka juu na sinki halina ufa. Pitisha ukucha kuzunguka tundu. Ukucha ukinasa mahali, tazama kwa tochi.

## Hatua ya 4: Safisha pale ulipokaa

Hii watu wanairuka, ndo maana mfereji mpya unavuja juu. Utakuta silikoni nyeusi, ama saruji nyeupe aliyotia fundi wa kwanza, ama ukoko. Kwangua vyote kwa kipande cha plastiki kigumu, kadi ya simu ya zamani yatosha. Kisu kitachora sinki. Malizia na siki, kausha.

Sababu ni kwamba mpira wa mfereji mpya utakaa hapo, na mpira haulali sawa juu ya mawe.

*Utajua umefaulu:* kidole kinazunguka tundu na hakihisi kitu ila utelezi.

## Hatua ya 5: Mwaga mchanga kabla ya kufunga chochote

Hii ni ya hapa kwetu hasa. Maji yakikatika siku tatu yakirudi yanakuja na mchanga na vipande vya kutu, na chini ya tangi kuna matope yake. Mifereji ya siku hizi ndani ina visahani viwili vya kauri vinavyosuguana, chembe moja ya mchanga ikiingia katikati inachora, na mfereji mpya waanza kudondoka wiki ya kwanza. Halafu lawama kwa muuzaji.

Kwa hivo funga fleksibo mpya kwenye engo valvu peke yake, kwa mkono, ncha ya pili iweke ndani ya ndoo uishike imara. Mwambie mwenzako afungulie maji. Acha yatoke nusu ndoo. Funga tena.

*Utajua umefaulu:* tazama chini ya ndoo. Ukiona chembe za kahawia, rudia mpaka maji yawe safi. Ukishaona kilichokaa mle ndani hutaruka tena hatua hii maishani.

## Hatua ya 6: Weka mfereji mpya

Mpangilio kutoka juu kwenda chini ni huu: mfereji, mpira, sinki, wosha ya plastiki ama mpira wa pili, nati. Mpira wa juu ndo unazuia maji ya kunawa yasipite tunduni, na ule wa chini ni wa kulinda sinki lisiguswe na nati. Usiupeleke wa chini juu.

Silikoni haihitajiki kama mpira ni mzima na sinki ni sawa. Mafundi wanapaka kwa mazoea, na anayekuja kuteseka ni wewe siku ya kuufungua.

Ingiza mguu tunduni, tia nati kwa mkono. Thredi za mwanzo lazima ziende kwa vidole peke yake. Ikiwa ngumu kutoka mwanzo imeingia upande, itoe uanze upya, usiende na spana kuisaidia. Hasa mfereji wa plastiki, thredi zake zikishakatika ni kwisha.

Ikishika, simama utazame juu: mdomo wa mfereji utazame katikati ya sinki. Mwenzako aushike hapo hapo. Rudi chini ukaze kwa mkono mpaka mkono ukome, kisha kwa spana robo mzunguko. Robo. Tikisa mfereji kwa juu, ukicheza ongeza kidogo, usipocheza iache.

Miksa: fleksibo zake ziingize tumboni mwake kabla hujaipandisha kwenye sinki, manake ukishaifunga hutafika. Zinaingia kwa mkono tu, zina kiringi cha mpira, spana itakikata. Kisha pitisha fleksibo tunduni moja baada ya moja. Kwa mfereji wa mguu mnene usijaribu hivi, nati ya chini haiwezi kupita kwenye kichwa cha fleksibo, nimeshawahi kumuona mtu amefunga vizuri kabisa halafu nati iko mkononi.

*Utajua umefaulu:* ukiusukuma mfereji kwa kidole hausogei, na mpira umeonekana umejaa sawa pande zote, haujachomoza upande mmoja kama ulimi.

## Hatua ya 7: Fleksibo, na ile habari ya tepu

Funua kichwa cha fleksibo utazame ndani, kuna wosha ya mpira bapa. Hiyo ndo inaziba. Kwa hivo hapa hakuna thredi tepu. Ukizungusha tepu kwenye mguu wa mfereji, nati inajaa tepu kabla haijafika mwisho, unahisi imekaza kumbe mpira haujagusa. Halafu inavuja, unaongeza tepu, inavuja zaidi. Wale watatu wa picha, wawili walikuwa na tepu hapa, mmoja amezungusha mpaka mguu umekuwa kama kidonda kilichofungwa bendeji.

Hakikisha mpira umo, mara nyingine unadondoka njiani. Kaza kwa mkono upande wa mfereji, kisha upande wa valvu, kisha kila upande robo mzunguko kwa spana, na valvu ikishikwa na spana ya pili kama mwanzo. Fleksibo ijipinde kwa upole, isijisokote. Ukiona nyuzi za stenlesi zimefunguka mahali imesokotwa, legeza uinyooshe.

Tepu inakwenda mahali pamoja tu: kama wabadilisha engo valvu yenyewe, kwenye thredi zake zinazoingia ukutani, manake huko hakuna mpira. Shika valvu thredi zikikutazama usoni, zungusha tepu kufuata saa, uivute ikaze, mizunguko kumi mpaka kumi na mbili kwa ile tepu nyembamba. Ukizungusha kinyume, ukianza kuingiza valvu tepu inajikunjua yote na kubaki mdomoni kama ndevu. Na valvu ukishaiingiza usiirudishe nyuma ili ikae sawa, hata kidogo. Ukirudisha, toa, tia tepu mpya, anza tena.

## Hatua ya 8: Fungulia pole pole

Kwanza fungua kile kichujio cha mdomoni mwa mfereji, ukitoe. Acha mfereji wazi. Mwenzako afungulie maji taratibu, robo, nusu, yote. Mfereji utakohoa na kutema hewa, ni kawaida. Maji yakishatulia dakika moja rudisha kichujio, funga mfereji. Hapo ndo presha inaingia kwenye viungo vyote.

Sasa tishu. Usitumie kidole, kidole chako tayari kiko maji. Futa kila kiungo kikauke, kisha zungushia tishu kavu kila mahali: nati ya juu ya fleksibo, ya chini, na pale valvu inapoingia ukutani. Dakika 10. Tishu haidanganyi, hata tone moja linaonekana kama doa.

Iache hapo mpaka asubuhi. Usiku watu wamelala hakuna anayechota, presha inapanda, na mvujo wa kweli unajitokeza saa hizo.

## Yavuja bado?

Tishu ya juu imelowa: fungua, tazama mpira wa fleksibo, nane kwa kumi ama haumo ama umekaa upande. Usianze kwa kukaza.

Ya chini kwenye valvu imelowa: dawa ni ile ile. Kama mdomo wa valvu umeliwa na chumvi una mabonde, mpira hautaziba, badilisha valvu.

Pale ukutani pamelowa na wewe hukugusa valvu: labda uliizungusha bila kujua, rudi usome hatua ya 2.

Maji yanadondoka chini ya sinki wakati wa kunawa tu, ukifunga yanakoma: hiyo haitoki kwenye fleksibo, ni mpira wa juu ama ile chupa ya maji machafu uliyoifungua hukuirudisha vizuri.

Mdomo unadondoka na umefunga kabisa: mchanga. Fungua na ufunge kwa nguvu ya maji mara kadhaa, waweza kuutoa. Usipotoka ni kubadilisha moyo wa mfereji, kile kipande cha ndani chenye visahani vya kauri, unauzwa peke yake, beba wa zamani ukaulinganishe.

Maji yanatoka kidogo: kichujio. Kitie kwenye kikombe cha siki usiku mmoja. Kwa maji ya kisima fanya hivi kila mwezi mmoja ama miwili, kazi yake ni dakika mbili.

## Hapa acha, ita fundi

Valvu ikizunguka na ukasikia kitu kinacheza ndani ya ukuta, acha. Paipu ukutani ikiwa ya chuma cha zamani na ukiigusa inabanduka maganda ya kutu, kama nyumba nyingi za Mji wa Kale, acha, ukiishika kwa spana itakubakia mkononi na nyumba haina pa kufungia maji. Na kama hakuna valvu yoyote popote kati ya tangi na sinki, mlipe fundi aweke moja kwanza, kisha mfereji ufunge mwenyewe siku nyingine.

Akija fundi na spana moja, mpe ya pili.